Pesa Zipo Benki, Mimi Nalala na Njaa

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa miaka 26, mzaliwa wa Rombo, nasoma shahada ya pili Leipzig, Ujerumani. Ili nipate viza, baba mdogo alikopa SACCOS na kuuza kipande cha shamba, tukaweka euro 11,904 kwenye ile akaunti ya zuio wanayoiita Sperrkonto. Nilifika mwanzoni mwa Oktoba. Hadi leo sijatoa hata senti, kwa sababu wanataka akaunti ya kawaida yenye jina langu, na benki niliyokwenda ilinirudisha ikidai cheti cha makazi. Cheti sina. Naishi chumbani kwa Mtanzania mwenzangu, na mwenye nyumba hajui kama nipo. Nakula kwa vibarua vya ghalani, mshahara unapitia akaunti ya huyo rafiki. Baba mdogo ananipigia kila Jumapili, anataka walau milioni 10 apunguze mkopo, maana “pesa si zimekaa tu?” Viza inakwisha Machi 31 na miadi ya kibali sijapata. Rafiki anasema niende Prague siku moja nirudi, siku 90 zianze upya. Nimechoka, na nyumbani wanasema nimebadilika.*
*Mtoto wa Rombo*

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu. Miezi minne uko katika mji wa watu na jina lako halijaandikwa popote, si mlangoni, si benki, si kwenye daftari la mji. Karibu yote yanayokutesa yameanzia hapo.

Lakini kwanza Prague, maana hapo unaweza kuharibikiwa kwa siku moja. Fungua pasipoti utazame kibandiko cha viza. Penye aina ya viza pameandikwa D. Hiyo ni viza ya taifa: Ujerumani imekuruhusu ukae kwake kwa masomo hadi tarehe iliyoandikwa baada ya neno BIS. Siku 90 katika kila siku 180 ni hesabu ya mgeni mwenye viza C, aliyekuja kutembea; wewe inakuhusu tu unapokwenda nchi nyingine za Schengen. Na hata huyo mtembezi haanzi upya kwa kuvuka mpaka. Kila siku anayokuwa ndani, wanarudi nyuma siku 180 na kujumlisha zote alizokaa, siku ya kuingia na ya kutoka zikiwemo. Tena Jamhuri ya Cheki imo Schengen tangu 2007, kwa hiyo ukifika Prague bado hujatoka. Na Septemba 2024 Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu. Ukikutwa pale na viza iliyokwisha, unaweza kufunguliwa kesi na kuamriwa uondoke, na shahada iishie hapo. Rafiki yako huenda anakutakia mema, ila ushauri huo usiufuate.

Kitakachokulinda ni ombi la kibali cha ukaazi lililofika ofisi ya wageni, Ausländerbehörde, kabla ya Machi 31. Kifungu cha 81 aya ya 4 cha sheria yao ya ukaazi kinasema ukiomba viza ikiwa bado hai, haki uliyo nayo inaendelea hadi ofisi itoe uamuzi, na unapewa karatasi ya kuthibitisha hivyo, Fiktionsbescheinigung. Kumbe watu wengi husubiri miadi ndipo waombe, tarehe ikapita wakiwa bado wanasubiri. Wewe usisubiri. Tuma ombi wiki hii hii, uambatishe cheti cha chuo, bima ya afya, taarifa ya akaunti ya zuio na nakala ya pasipoti, na utunze ushahidi wa siku uliyotuma. Miadi ikipangwa Mei, sawa, wewe umeshaomba Machi haijaisha.

Sasa makazi. Sheria inakutaka ujiandikishe ndani ya wiki mbili tangu uhamie, na umechelewa sana; faini inaweza kufika euro 1,000. Nenda hivyo hivyo ofisi ya mji ya kuandikisha wakazi, Bürgerbüro, uombe radhi. Fomu wanayoitaka ni ya kuthibitisha kwamba umepewa mahali pa kukaa, na mpangaji aliyekupangisha chumba anaweza kuisaini mwenyewe. Mwambie rafiki yako aongee na mwenye nyumba na akusainie. Mmoja wao akikataa, hama. Nenda shirika la huduma za wanafunzi, Studentenwerk, uulize vyumba vya wanafunzi, na ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni uwaeleze hali yako bila kuficha. Hakuna aibu hapo, mwanangu, wao wameajiriwa kwa kazi hiyo.

Na benki haikukutendea haki. Mtu anayeishi kihalali katika Umoja wa Ulaya ana haki ya akaunti ya msingi hata asiyekuwa na makazi maalumu. Huko Ujerumani sheria hiyo inatumika tangu Juni 2016. Rudi na pasipoti, uombe fomu ya Basiskonto kwa jina hilo hilo. Wana siku 10 za kazi za kukujibu, na wakikataa lazima waandike sababu, ambayo unaweza kuipeleka kwa BaFin, msimamizi wa mabenki. Itakuwa na ada ya mwezi, lakini itafungua mlango wa zile euro 992 unazopaswa kupata kila mwezi kutoka akaunti ya zuio. Miezi minne ni euro 3,968, na wewe unashinda njaa!

Jambo dogo ambalo limewakwamisha wengi: kadi na namba yake ya siri huja kwa posta, kila kimoja na bahasha yake, na mtu wa posta huko hatumbukizi barua kwenye kisanduku kisicho na jina lako. Kata kipande cha karatasi, andika jina lako kwa herufi kubwa, ukibandike chini ya jina la rafiki yako. Akaunti ikishafunguka, mshahara uhamie huko. Kwa sasa huwezi hata kuthibitisha kwamba umefanya kazi, na akaunti yake ikizuiwa leo, jasho lako limezuiwa nayo.

Baba mdogo usimwone ana tamaa. Mkopo wa SACCOS una wadhamini, na wadhamini wake ni majirani anaokaa nao benchi moja kanisani. Anachokijua ni kwamba zaidi ya shilingi milioni 30 zipo Ulaya kwa jina lako. Hakuna aliyemweleza kwamba huwezi kutoa hata laki ya ziada, kwamba hicho ni chakula, kodi na bima ya miezi 12, na kwamba unapoomba kibali utaulizwa tena utaishi kwa nini. Upige picha mkataba wa akaunti ya zuio umtumie, umtafsirie mstari wa 992. Milioni 10 usimwahidi. Mwambie aombe SACCOS wamrefushie muda wa marejesho, na wewe utamtumia kiasi kidogo kutoka kwenye vibarua vyako, hata euro 50 kwa mwezi, ilimradi usiruke mwezi. Sheria inakuruhusu siku 140 kamili za kazi kwa mwaka, au nusu siku 280, kwa hiyo zihesabu kabla ya kutaja kiasi.

Mpigie Jumamosi, kabla yeye hajapiga.