Utumbo, Pua na Majira: Afya ya Utumbo na Mzio wa Msimu katika Nyanda za Juu Kusini

Mbalizi ni mji ulio magharibi mwa Jiji la Mbeya, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia. Mvua huanza Novemba na kukoma Aprili au Mei. Mvua zinapoelekea ukingoni, nyasi huchanua na chavua yake hupeperushwa na upepo. Baada ya mavuno, hasa kuanzia Agosti hadi Oktoba, mashamba hubaki wazi na vumbi hutanda. Katika vipindi hivyo wapo watu wanaopiga chafya mfululizo, wanaotokwa na kamasi jepesi na kuwashwa macho, na wenye pumu hubanwa kifua. Baadhi yao huiita hali hiyo mafua, wakanunua antibayotiki msimu baada ya msimu bila kupata nafuu.

Somo hili laeleza jinsi utumbo unavyohusiana na mzio huo, yale ambayo utafiti umeonyesha na mipaka yake, pamoja na hatua zinazomfaa mhudumu wa afya na mgonjwa.

Mzio hutokeaje?

Mzio ni hali ya kinga ya mwili kukishambulia kitu kisicho na madhara kana kwamba ni adui. Mtu mwenye mwelekeo huo anapovuta chavua, mwili wake hutengeneza kingamwili za aina ya IgE, ambazo hujibandika juu ya chembe maalumu zilizo katika utando wa pua, macho na njia za hewa. Chavua ile irudipo msimu mwingine, chembe hizo humwaga histamini na kemikali nyinginezo. Histamini ndiyo iletayo mwasho, chafya na kamasi. Katika mchakato huu wote hakuna kijidudu cha kuuawa. Ndiyo sababu antibayotiki haisaidii.

Vumbi la barabarani na moshi wa kuni huweza kuwasha pua hata kwa mtu asiye na mzio, na kwa aliye nao huzidisha dalili.

Utumbo unahusika vipi?

Sehemu kubwa ya chembe za kinga za mwili imo katika kuta za utumbo, mahali ambapo mwili hukutana kila siku na chakula na mabilioni ya bakteria. Hapo kinga hujifunza kipi cha kupigwa vita na kipi cha kuvumiliwa. Bakteria wa utumbo mpana hula nyuzinyuzi za nafaka, mikunde na mboga ambazo tumbo halikuweza kusaga, na kuzigeuza kuwa asidi za mafuta zenye mnyororo mfupi, kama vile butirati. Asidi hizo hulisha utando wa utumbo na husaidia kukuza chembe za udhibiti, ambazo kazi yake ni kuizuia kinga isipite kiasi. Kwa kuwa chembe za kinga na asidi hizo husafiri kwa damu, athari yake huweza kufika mapafuni na puani. Utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba panya waliolishwa nyuzinyuzi nyingi walipata uvimbe mdogo zaidi wa mzio katika njia za hewa. Hata hivyo, matokeo ya panya hayatoshi kuwa tiba ya binadamu.

Ushahidi wa Afrika Mashariki

Mwaka 2014 watafiti walilinganisha bakteria wa utumbo wa Wahadzabe 27 wa eneo la Ziwa Eyasi na wa Waitaliano 16 wa mjini Bologna. Wahadzabe, ambao hula mizizi, matunda pori, asali na nyama, walikuwa na bakteria wa aina nyingi zaidi. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2017, ulibaini kwamba baadhi ya bakteria wao hupungua hata kutoonekana katika msimu mmoja na kurejea katika mwingine, kwa kufuata mabadiliko ya chakula. Utumbo nao, basi, una majira yake.

Ushahidi wa karibu zaidi ulitoka Kilimanjaro mwaka 2025, katika jaribio lililohusisha wanaume 77. Wanakijiji waliohamia chakula cha kizungu kwa wiki mbili, kama soseji, mkate mweupe na chipsi, walionyesha viashiria vya uvimbe vilivyopanda katika damu. Wakazi wa mjini waliohamia chakula cha asili chenye maharage, mboga, ndizi na ulezi walielekea upande wa nafuu, na baadhi ya mabadiliko yalionekana hata baada ya wiki nne. Jaribio hilo halikupima mzio, wala halikuhusisha wanawake. Linachoonyesha ni kwamba kinga huitikia chakula upesi.

Kuhusu minyoo, utafiti wa Entebbe uliochapishwa mwaka 2011 uliona pumu ya ngozi zaidi kwa watoto ambao mama zao walipewa dawa za minyoo wakati wa ujauzito. Lakini jaribio la mwaka 2018 katika visiwa vya Ziwa Victoria nchini Uganda halikuona mzio ukiongezeka pale dawa hizo zilipotolewa kwa wingi zaidi. Minyoo huleta upungufu wa damu na hudumaza watoto. Hakuna sababu ya kuacha dawa zake kwa kuhofia mzio.

Hasara ya antibayotiki isiyohitajika

Anayemeza antibayotiki kwa sababu ya mzio hupata hasara mara tatu. Haponi, anaua bakteria rafiki ambao kinga inawategemea, na anawapa bakteria wabaya nafasi ya kujenga usugu. Siku atakapopata nimonia, dawa ileile huenda ikashindwa.

Chakula kifaacho

Hakuna chakula kinachotuliza chafya kwa siku moja. Faida ya utumbo wenye afya hujengwa kwa miaka, na msingi wake ni huu:

- Mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo. Maziwa hayo yana sukari maalumu inayolisha bakteria rafiki.
- Ugali wa dona badala ya sembe, pamoja na maharage, kande, majani ya maboga, mchicha, parachichi na matunda ya msimu.
- Togwa iliyotengenezwa kwa kimea na vyombo safi. Utafiti uliofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba watoto waliopewa uji uliochachushwa walipungukiwa na bakteria waletao kuhara.
- Mtindi wa maziwa yaliyochemshwa kwanza. Maziwa mabichi huweza kuambukiza bruselosi na kifua kikuu.

Vidonge vya bakteria rafiki vimeleta matokeo yanayotofautiana. Havistahili kuchukua nafasi ya dawa.

Mwongozo kwa mhudumu

Mwulize mgonjwa dalili huanza mwezi gani, kama anawashwa, na kama ana pumu au ndugu mwenye mzio. Mwasho, kamasi jepesi, kutokuwa na homa na kurudi kwa majira huelekeza kwenye mzio. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe kifua kikuu, hata kama ni msimu wa vumbi.

Dawa ya kwanza kwa dalili nyepesi ni setirizini au loratadini. Klofeniramini huleta usingizi. Dereva wa lori au bodaboda aonywe. Dalili zikidumu, dawa ya steroidi ya kupuliza puani hufanya kazi vizuri zaidi ikitumiwa kila siku. Mwenye pumu asiache dawa yake ya kuvuta.

Mgonjwa anayehema kwa shida, anayeshindwa kumaliza sentensi, au aliyevimba midomo na ulimi apelekwe hospitali mara moja.

Maswali ya majadiliano

1. Mgonjwa anaomba antibayotiki kwa chafya za kila Septemba. Utamweleza nini ili aelewe na asijihisi amenyimwa dawa?
2. Ni vyakula gani vya asili vinavyopungua mezani katika eneo lako, na kwa nini?
3. Utatofautishaje mzio, mafua ya kawaida na kifua kikuu kwa maswali pekee, na ni wakati gani maswali hayatoshi?