Pedali ya Breki Inayozama

Tuseme gari dogo la zahanati limeegeshwa kijijini, juu mlimani. Ndani yake yumo mgonjwa anayepelekwa hospitali. Barabara inateremka kwa kona kali, kama ile ya Mlima Kitonga katika njia ya Morogoro kwenda Iringa. Dereva anawasha gari, lakini kabla ya kuondoka anakanyaga breki na kuushikilia mguu wake hapo hapo. Mwanzoni pedali ni ngumu. Kisha inaanza kushuka polepole, kama mguu unaozama topeni, mpaka inagusa sakafu. Dereva anazima gari na kuteremka. "Litafutwe gari jingine," anasema. "Hili haliendi popote."

Je, dereva huyu amegundua nini? Ili kumwelewa, yakupasa kwanza kujua jinsi nguvu ya mguu inavyofika kwenye magurudumu.

Jaribio

Mwombe mwalimu mabomba mawili mapya ya sindano, yasiyo na sindano. Moja liwe dogo na jingine kubwa. (Usiokote mabomba yaliyotumika. Yanaweza kukuambukiza maradhi.) Tafuta pia mpira mwembamba wa kuyaunganisha. Jaza maji katika mabomba na katika mpira, ukihakikisha kwamba hakuna hata tone la hewa lililobaki ndani. Sasa sukuma pistoni ya bomba dogo. Pistoni ya bomba kubwa inatoka papo hapo. Mwambie mwenzako aizuie kwa kidole gumba, nawe usukume tena. Atashangaa kuona jinsi anavyopata taabu kuizuia.

Maji hayashindiliki kwa urahisi. Ukiyasukuma upande mmoja yakiwa yamefungiwa, kani yake huenea pande zote kwa kiasi kile kile katika kila sehemu ya uso wa chombo. Jambo hili lilielezwa na mtaalamu wa Ufaransa, Blaise Pascal, aliyeishi kati ya mwaka 1623 na 1662. Ikiwa uso wa pistoni kubwa ni mara nne ya uso wa pistoni ndogo, nguvu nayo itaongezeka mara nne. Hata hivyo pistoni kubwa itasogea robo tu ya mwendo wa ile ndogo.

Sasa vuta hewa kidogo iingie katika mpira, kisha sukuma tena. Pistoni inanesa kama godoro, kwa sababu hewa hushindilika. Mwisho, toboa mpira kwa pini na usukume bila kuacha. Maji yanachuruzika, na pistoni inazama taratibu chini ya kidole chako.

Breki za gari

Gari dogo lina mpango huo huo. Pedali husukuma pistoni iliyomo katika silinda kuu, ambayo mafundi huiita masta silinda. Mahali pa maji pana mafuta ya breki. Mafuta hayo hupita katika mabomba membamba ya chuma mpaka kwenye magurudumu, na huko hubana pedi au viatu vya breki. (Malori na mabasi makubwa hutumia hewa iliyoshindiliwa. Mpango wao ni mwingine kabisa.)

Pedali inayonesa huonyesha kwamba kuna hewa ndani. Pedali inayozama polepole huku mguu umetulia huonyesha kwamba mafuta yanatoroka. Usichanganye hali hizo na jambo la kawaida: katika magari mengi pedali hushuka kidogo injini inapowashwa, kisha husimama. Ya dereva wetu haikusimama.

Mafuta yanatorokea wapi? Dereva alifungua boneti na kutazama kitangi cha mafuta ya breki. Yalikuwa yamefika kwenye alama. Akainama na kupapasa upande wa ndani wa kila gurudumu, kisha akayafuata mabomba kwa macho. Pote palikuwa pakavu. Kama mafuta hayamwagiki nje, basi yanapita ndani. Pistoni ya silinda kuu ina raba zinazoziba nafasi pembeni mwake. Raba zikichakaa, mafuta hupenya kando yake na kurudi nyuma badala ya kwenda kwenye magurudumu. Kitangi hakipungui, wala hakuna tone linaloanguka chini. Ndiyo maana ubovu huu huwadanganya wengi.

Mtu mmoja alishauri, "Kanyaga mara mbili tatu, itapanda." Kweli, ilipanda, lakini ikazama tena. Katika mteremko mrefu dereva hushikilia breki kwa muda, na hapo ndipo pedali ya namna hii inapomwacha.

Matengenezo

Kazi hii ni ya fundi. Huondoa silinda kuu, akabadili raba au silinda nzima, kisha akajaza mafuta mapya ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. Mafuta ya injini hayafai hata kidogo, kwa sababu huvimbisha raba na kuziharibu.

Baada ya hapo lazima hewa itolewe. Mtu mmoja hukanyaga pedali na kuishikilia. Fundi hulegeza nati ndogo iliyo kwenye gurudumu, na mafuta yenye mapovu hutoka kwa mpira mpaka ndani ya chupa. Hukaza nati kwanza, ndipo mwenzake aachie pedali. Wakikosea utaratibu huo, hewa hurudi ndani. Hurudia hivyo mpaka mapovu yaishe, wakiongeza mafuta katika kitangi kila yanapopungua. Mwishoni fundi hukanyaga pedali kwa nguvu na kuhesabu polepole mpaka 30. Isiposhuka, gari hujaribiwa kwanza uwanjani, kwa mwendo mdogo.

Maswali

1. Kwa nini maji hayawezi kubadilishwa kwa hewa katika jaribio letu?
2. Mwenye gari huongeza mafuta ya breki kila wiki, lakini pedali yake bado haijazama. Utamshauri atazame wapi, na kwa nini?
3. Chora mabomba mawili ya jaribio. Onyesha ni lipi linalofanya kazi ya silinda kuu, na ni lipi linalofanya kazi ya gurudumu.