DAWA YA MAGUGU INAENDA WAPI?



Katika mashamba ya kando ya Mto Tana, wengi wetu tumeacha jembe tukashika pampu ya mgongoni. Magugu yakikauka tunasema, "Dawa imekwisha kazi." Ni kweli imekwisha kazi, lakini yenyewe haijaisha. Tujifunze inakokwenda, kwa sababu mto huu ndio unaopatia mji wa Garissa maji, na malambo yetu yananywesha watu na mifugo.

1. Nani huivunja dawa?
Kazi kubwa hufanywa na bakteria, vijidudu tusivyoviona kwa macho. Vinahitaji unyevu, na vingi vinahitaji hewa. Udongo wetu ukikauka, kazi yao hupungua na dawa hukaa zaidi.

Wataalamu hupima siku ambazo nusu ya dawa huisha. Tuseme nusu huisha kwa siku 47. Vijiko 8 vitabaki 4. Baada ya siku 47 nyingine vitabaki 2, halafu 1. Haiishi mara moja.

2. Udongoni
Glaifoseti, iliyoanza kuuzwa mwaka 1974 kwa jina la Roundup, hushikamana sana na udongo, hasa wa mfinyanzi. Ndiyo maana ukiichanganya na maji ya Tana yenye matope, magugu hayafi vizuri: udongo umeishika kabla haijafika kwenye jani. Kwa wastani nusu yake huisha kwa siku 47 hivi, lakini vipimo vingine vimefika siku 174. Ikivunjika huacha kitu kinachoitwa AMPA, ambacho hukaa zaidi kuliko dawa yenyewe.

Basi mvua ikibeba udongo, inabeba na dawa. Tana ilipofurika Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024, maji yaliingia mashambani kisha yakarudi mtoni.

3. Majini
Katika maji ya mabwawa, nusu ya glaifoseti huisha kati ya siku 12 na wiki 10. Sehemu huliwa na bakteria, nyingine huzama pamoja na matope. Kwa hiyo maji yakionekana safi juu, tusidanganyike.

4. Kwenye matope ya chini
Hapa ndipo shida ilipo, kwa sababu hewa ni kidogo. Tuangalie dawa nyingine, 2,4-D, inayoua magugu ya majani mapana. Nusu yake huisha hivi:
- udongo wenye hewa: siku 6 hivi
- maji yenye hewa: siku 15 hivi
- chini ya maji pasipo hewa: siku 41 hadi 333

Dawa ni ile ile. Shambani ni wiki moja, kwenye matope ya lambo yaweza kukaribia mwaka. Na mbuzi wakiingia kunywa, wanayavuruga matope hayo.

5. Tufanye nini?
- Tusioshe pampu mtoni wala lambo. Maji ya kusuuzia tuyanyunyize shamba lile lile.
- Tuache ukanda wa nyasi usionyunyizwa kati ya shamba na mto. Nyasi huzuia udongo.
- Tusinyunyize ndani ya laga, wala mawingu ya mvua yakiwa yamekusanyika.
- Chupa tupu isuuzwe mara tatu na kutobolewa. Isiwekwe maziwa wala maji.
- Tununue dawa yenye lebo na namba ya usajili ya bodi ya serikali, PCPB.
- Dawa ikimwagika lambo, tusinywe. Kuchemsha huua vijidudu, hakuondoi dawa.
- Palipo padogo, jembe latosha.

Maswali ya kujadili kikundini
1. Pampu zetu zinaoshwa wapi, na nani huteka maji chini ya hapo?
2. Mvua kubwa ikinyesha, maji ya shamba letu yanaelekea wapi?
3. Nani kati yetu atasimamia chupa tupu?