Mgonjwa wa Pumu na Maumivu Baada ya Upasuaji

Mgonjwa anaporuhusiwa kutoka wodini baada ya upasuaji wa ngiri, wa kidole tumbo au wa uzazi, maumivu humfuata hadi nyumbani. Usiku uingiapo na mshono ukaanza kuwaka moto, ndugu hutumwa duka la dawa akanunue "dawa ya maumivu". Kwa watu wengi safari hiyo huleta nafuu. Kwa baadhi ya wenye pumu, yaweza kuleta shida ya kupumua.

Kwa nini dawa ya maumivu ibane kifua?

Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ni dawa za kundi moja. Katika miili ya baadhi ya wagonjwa wa pumu, dawa hizo husababisha kuzalishwa kwa wingi kwa kemikali zinazobana njia za hewa. Mara nyingi dalili hujitokeza kati ya nusu saa na saa 3 baada ya kumeza.

Si kila mwenye pumu hudhurika. Wengi huzitumia kwa usalama. Hatari huwa kubwa zaidi kwa mtu mzima mwenye pumu kali, mwenye vinyama puani, au aliyewahi kubanwa kifua baada ya kutumia mojawapo. Aliyedhurika na moja aziepuke zote, ziwe vidonge au sindano, hadi daktari atakapomshauri vinginevyo.

Kuvumilia si tiba

Wapo wanaoamua kukaa na maumivu bila dawa yoyote. Uamuzi huo nao una madhara. Mwenye maumivu makali hupumua juu juu na huogopa kukohoa. Makohozi hubaki kifuani, sehemu ya pafu husinyaa, na nimonia hupata nafasi. Kwa hiyo mgonjwa wa pumu anahitaji kutulizwa maumivu, ila kwa dawa inayomfaa.

Dawa zinazotumika

Kwa wengi, parasetamoli ndiyo dawa ya kuanzia. Mtu mzima mwenye uzito wa kawaida na ini lenye afya humeza vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, bila kuzidisha vidonge 8 kwa saa 24. Kipimo cha mtoto hufuata uzito wake.

Hospitalini, ganzi ya mgongoni au ya kuzunguka kidonda hupunguza maumivu kwa saa kadhaa. Mofini hutolewa chini ya uangalizi, kwa kuwa yaweza kupunguza kasi ya upumuaji.

Wajibu wa mgonjwa na familia

- Kabla ya upasuaji, amweleze daktari na mtaalamu wa usingizi kwamba ana pumu, dawa anazotumia, na dawa iliyowahi kumdhuru.
- Aende hospitalini na dawa yake ya kuvuta, wala asiiache bila kuelekezwa.
- Kabla ya kuruhusiwa, aombe aandikiwe jina la dawa ya maumivu atakayotumia nyumbani.
- Anayetumwa dukani aseme wazi kuwa mgonjwa ana pumu, kisha asome maandishi ya pakiti. Vidonge vingine huchanganya parasetamoli na ibuprofeni au diklofenaki.
- Nyumbani, mgonjwa akae wima, avute pumzi ndefu mara kwa mara, na atembee kama alivyoelekezwa. Anapokohoa, abane mto juu ya mshono ili kupunguza maumivu.

Dalili zisizosubiri asubuhi

Kifua kikitoa sauti ya mluzi, pumzi ikikatika katikati ya sentensi, au midomo ikibadilika rangi kuwa ya bluu, mgonjwa akalishwe wima, avute dawa yake ya kutanua njia za hewa, na apelekwe mara moja kwenye kituo cha kutolea huduma za afya kilicho karibu. Pakiti ya dawa aliyomeza ipelekwe pamoja naye, ili mganga wa zamu ajue pa kuanzia.