Neno «juu» katika msimbo P0118: somo la tafsiri kando ya barabara ya Luvungi

Luvungi iko katika uwanda wa Ruzizi, kwenye barabara ya taifa namba 5, kati ya Sange na Kamanyola. Gari linalotoka Uvira kwenda Bukavu hupita hapo kabla ya kukabili mlima wa Ngomo, isipokuwa kama litazungukia Rwanda. Taa ya moteri ikiwaka hapo, dereva hana budi kuamua: aendelee, arudi, au atafute kipuri. Uamuzi wake hutegemea sentensi moja ya fundi. Sentensi hiyo ni tafsiri, na ndiyo maana inatuhusu sisi wa kitivo cha lugha.

Tuanze na istilahi. Huku kwetu dizeli huitwa mazutu, na kile ambacho kamusi hukiita kihisi, mafundi hukiita kapteri, kutoka Kifaransa. Tanzania wanasema sensa. Kwa maandishi yanayotolewa na kompyuta ya gari tutatumia neno «msimbo». Tunaepuka «kodi», ingawa linafanana na neno la Kifaransa, kwa sababu kwenye barabara hii kodi ni jambo jingine kabisa, na risiti yake ni nyingine.

Msimbo una mofolojia yake. Katika P0118, herufi P inaonyesha moteri na giaboksi. Sifuri inayofuata inaonyesha kwamba maana ya msimbo ni ya pamoja kwa watengenezaji wote. Pangekuwa na 1, kwa kawaida ingekuwa maana ya mtengenezaji mmoja. Tarakimu ya pili, yaani 1, hutaja kundi la upimaji wa mafuta na hewa. Mbili za mwisho hutaja kosa lenyewe. Mfumo huu ulilazimishwa Marekani kwa magari ya mwaka 1996. Ulaya uliyafikia magari madogo ya dizeli mwaka 2003 kwa aina mpya, na mwaka 2004 kwa magari yote mapya. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina lahaja ya zamani zaidi: fundi huunganisha matundu mawili ya plagi ya uchunguzi kwa kipande cha waya, kisha anahesabu taa inavyopepesa. Mara mbili, kituo, mara mbili: 22, kihisi cha joto la maji.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Kifaa cha kusomea misimbo, kikiwekwa Kifaransa, huandika kwamba P0118 ni saketi ya joto la maji ya moteri, ishara iko juu. Mwanafunzi yeyote wa tafsiri atashawishika kuandika: «joto la maji limepanda». Dereva naye atasikia: «maji iko nachemka». Tafsiri hiyo si pungufu tu, inageuza maana. Kilicho juu ni volti, si joto.

Kihisi hiki ni kipande ambacho ukinzani wake hupungua kinapopata moto. Katika magari mengi, kwenye nyuzijoto 20 huwa na kiloomu 2 hadi 3. Kwenye 80 hubaki karibu 0.3. Kompyuta hukipelekea volti 5 kupitia kikinzani cha ndani, kisha hupima volti iliyobaki. Maji yakiwa baridi volti iko juu. Yakiwa moto iko chini. Waya ukikatika, volti hupanda hadi 5, na kompyuta husoma baridi isiyokuwapo katika uwanda wa Ruzizi, kama nyuzijoto 40 chini ya sifuri. Kwa hiyo P0118 husema takriban hivi: «njia ya umeme imekatika mahali fulani, nasoma baridi isiyowezekana». Ndugu yake P0117 husema kinyume: volti iko chini mno, huenda waya umegusa bodi. Ni jozi mlinganuo finyu, kama *pata* na *bata*: tarakimu moja inabadilika, na maana yote inabadilika nayo.

Kosa la pili ni la kitenzi. «Kapteri imekufa,» husemwa mara tu msimbo unapotokea. Lakini msimbo umetaja saketi, na saketi ina kihisi, waya, plagi na kompyuta yenyewe. Kiambishi -me- kimefunga uchunguzi kabla haujaanza. Mteja atapanda gari jingine hadi Bukavu kununua kapteri, atapoteza siku ya kazi, na taa itabaki inawaka kwa sababu panya walikata waya. Jaribio la kutofautisha haya ni dogo. Chomoa plagi ya kihisi, washa swichi bila kuwasha moteri, pima volti kwenye plagi: panapaswa kuwa na karibu 5 kati ya pini zake mbili. Zikikosekana, tatizo liko upande wa waya au kompyuta. Zikiwapo, pima ukinzani wa kihisi chenyewe. Kisipopitisha chochote, hapo «imekufa» ni sentensi sahihi.

Kuna pia hatari ya kumpuuza mjumbe. Katika gari ambalo sindano ya joto hutegemea kihisi hichohicho, waya uliokatika unaweza kuiacha sindano chini hata maji yakichemka kweli huko Ngomo. Dereva aliyeambiwa «ni kapteri tu» atapanda mlima bila jicho.

Si kila msimbo wa kihisi ni kosa la kihisi. P0087 husema shinikizo la mafuta kwenye reli ni dogo mno. Mara nyingi kihisi cha shinikizo kinasema kweli: filta imeziba, au kuna hewa kwenye mipira ya mafuta. Mazutu yanayouzwa kwa bidoni kando ya barabara yanaweza kubeba maji na uchafu, basi filta ichunguzwe kwanza. Kubadilisha kapteri hapo ni kumuua mjumbe, na wahenga walikwisha kukataza.

Jambo la mwisho ni muktadha. Kompyuta nyingi huhifadhi pamoja na msimbo hali ya wakati ule: mwendo, mizunguko ya moteri, joto. Anayefuta msimbo kabla ya kuyanakili hayo amebaki na neno lisilo na sentensi. Kwa hiyo, kabla ya kufuta au kuchomoa betri, tunapendekeza fundi aandike daftarini mistari mitatu: msimbo ulivyo, herufi kwa tarakimu, hali iliyohifadhiwa, na maneno ya dereva kama alivyoyasema, hata kama alisema tu «Fundi, kwenye mlima inakata nguvu».