Mto wa kijivu, mto wa buluu
*Mtaalamu, hapa Geneva mto Arve ni wa kijivu, lakini Rhône unaokutana nao ni wa buluu. Mwanangu alikunywa maji ya Arve. Je, yana sumu? – Mama J.*

Mama J., pole kwa wasiwasi. Rangi hiyo si sumu. Barafu za mlima Mont Blanc, zinazolisha Arve, husogea polepole zikisaga miamba, na unga wake ni laini mno, hautuami upesi, ndio unaoyapa maji rangi ya kijivu. Kiangazi barafu huyeyuka zaidi, kijivu kikakolea. Rhône nao hubeba unga huo kutoka milimani, ila huuacha ndani ya Ziwa Geneva.

Hata hivyo, maji ya mto huwa na vijidudu. Mtoto akiharisha, akitapika au akipata homa, mpeleke kwa daktari. Na asiogelee Arve: baridi yake ni kali, mkondo una nguvu, na chini hapaonekani.