Somo la leo: Grainda shambani, ikupe kazi isikupe kilema

Tunaongea sana kuhusu mbegu, mbolea na masoko, lakini leo tuingie stoo. Ukitembelea mashamba ya vijana siku hizi, grainda utaikuta. Inakata mabomba ya fremu ya kitalu nyumba, inakata nondo, inatengeneza vizimba vya kuku, inanoa majembe na mapanga. Ni mashine nzuri, inakuokolea hela ya fundi. Shida ni moja: wengi tunainunua dukani, tunaichomeka, tunaanza kukata bila kufundishwa na mtu. Vidole na macho havina spea dukani, kwa hiyo soma hadi mwisho.

1. Elewa kasi yake kwanza

Grainda ndogo ya jiwe la milimita 115 (nchi nne na nusu) huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika. Ukipiga hesabu, ukingo wa jiwe unakimbia mita 66 kwa sekunde, yaani kama kilomita 238 kwa saa. Hakuna basi linalokimbia hivyo. Kipande kikikatika kutoka kwenye jiwe, kinakuja kwako na mwendo huohuo. Huwezi kukikwepa.

2. Usiweke jiwe kubwa kwenye mashine ndogo

Hili ndilo kosa baya kuliko yote. Unakuta kijana ametoa kava ili jiwe la nchi tisa (milimita 230) lienee kwenye grainda ndogo. Jiwe hilo limetengenezwa kwa mashine kubwa inayozunguka kama mara 6,600 kwa dakika, na mwisho wake ni mita 80 kwa sekunde. Ukilizungusha mara 11,000, ukingo unafika mita 132 kwa sekunde. Hapo umevuka kiwango vibaya sana, na jiwe linaweza kupasuka mkononi mwako.

Kabla ya kufunga jiwe lolote, soma namba zilizoandikwa juu yake. Mizunguko ya jiwe iwe sawa au zaidi ya ile iliyoandikwa kwenye mashine. Pia angalia kile kipete cha chuma katikati ya jiwe, kwa kawaida kina mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi. Lililopita muda, lililolowa au lenye ufa, tupa. Na msumeno wa mbao wenye meno usiufunge kwenye grainda kabisa, hata kama muuzaji anakwambia unaingia.

3. Jiwe la kukatia si la kusagia

Jiwe la kukatia ni jembamba, milimita 1 hadi 3 hivi. Linabeba nguvu ya ukingo tu. Ukililaza ubavu ili kulainisha chuma au kunoa panga, linapasuka. Kunoa na kusawazisha tumia jiwe nene la kusagia, lile la milimita 6.

4. Kava na mkono wa pembeni vibaki

Kava geuza likae kati ya jiwe na mwili wako. Shika mashine kwa mikono miwili muda wote. Jiwe likibanwa ndani ya chuma, mashine inaruka ghafla kurudi kwako, na mkono mmoja hauwezi kuizuia. Ili lisibanwe, funga bomba kwenye jiliwa au libane vizuri mezani, kipande kinachokatwa kiwe huru kuanguka. Usikanyage bomba kwa mguu huku unakata. Na usisimame kwenye mstari wa jiwe, kaa pembeni kidogo.

5. Vaa vizuri

Miwani ya kinga inayofunika hadi pembeni, siyo miwani ya jua. Ongeza ngao ya uso kama unayo, kinga ya masikio, barakoa ya vumbi na viatu vilivyofunika vidole. Glavu ziwe za ngozi zinazokubana. Zile za nyuzi zinazoning'inia zinavutwa na jiwe. Shati la mikono mipana, kanga, mkufu na nywele ndefu zisizofungwa, weka mbali. Miwani nzuri haifiki bei ya jogoo mmoja, sasa unasubiri nini?

6. Umeme ukikatika

Hii inatuhusu sana. Umeme ukikatika katikati ya kazi, vijana wengi wanaweka mashine chini na kwenda kunywa chai, swichi imebaki imewashwa. Umeme ukirudi, grainda inaanza kuzunguka yenyewe na kuruka sakafuni. Umeme ukikatika tu, zima swichi, chomoa plagi. Na kila unapobadilisha jiwe, chomoa plagi kwanza, hata kama una haraka.

7. Cheche na moto

Cheche zinaruka mita kadhaa. Ondoa nyasi kavu, maranda ya banda la kuku, magunia na mafuta. Weka ndoo ya maji na mchanga karibu. Ukimaliza, usiondoke mara moja. Kaa nusu saa uangalie, maana moto wa maranda huanza kimyakimya. Pipa lililokuwa na petroli, dizeli au dawa usilikate kabisa. Hata tupu, mvuke uliobaki unaweza kulipuka.

8. Ikitokea ajali

Kipande cha chuma kikiingia jichoni, usisugue, usitoe kwa ncha ya leso. Funika jicho bila kulikandamiza, nenda hospitali. Ukikatika, bana jeraha kwa kitambaa safi, inua mkono juu, tafuta usafiri. Kidole kikikatika kabisa, kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, tia kwenye mfuko wa plastiki, kisha mfuko huo juu ya barafu. Kisiguse barafu moja kwa moja. Nenda nacho hospitali.

Kazi ya leo: ingia stoo, chomoa grainda, angalia kava lipo, soma namba za mawe yote uliyonayo. Yasiyofaa yavunje kabisa uyatupe, ili mdogo wako asije akayaokota na kuyatumia. Kama una kibarua anayeishika hiyo mashine, mfundishe kabla hajaigusa tena. Tukutane somo lijalo.